Maji Yasiyo na Wimbi

Maiti ya mfamasia ilikuwa na viatu miguuni, na hilo ndilo lililomkosesha Shangazi raha.

Vilikuwa viatu vya mpira vya kuogea baharini, vipya, kamba zimefungwa fundo juu ya fundo. Mwilini alivaa shati la kuogelea la mikono mirefu. Bahari ilikuwa imemgeuza na kumpindua kabla ya kumtema, lakini nyuma ya masikio mafuta ya kujikinga na jua yalikuwa bado yameganda meupe. Taulo lake lilikutwa juu kabisa ya ufuo, mahali ambapo maji hayafiki, limekunjwa vizuri kama linalorudishwa dukani. Juu ya taulo kofia. Ndani ya kofia miwani, na kando yake chupa ya maji ya kunywa ambayo kizibo chake kilikuwa hakijaguswa.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema meneja wa hoteli, akijifuta shingo kwa leso. "Tuna mtu wa kuwaeleza wageni kila kitu. Jua, mbu, teksi, bahari. Ama hakufanya kazi yake, ama marehemu hakusikia. Kwa vyovyote vile, hoteli haimo."

"Huyu alisikia," alisema Shangazi. "Amevaa nasaha kuanzia utosini mpaka unyayoni. Mtu wa namna hii, akiambiwa ameze kidonge baada ya kula, haanzi mpaka sahani zioshwe. Kama aliingia mahali pabaya, basi kuna aliyemwambia ni pazuri."

Meneja alicheka kidogo, akaona hana mwenzake wa kucheka naye, akarudisha meno ndani.

Kituoni kila mtu alimwita inspekta huyu Shangazi, hata mkuu wa kituo akijisahau, kwa sababu aliuliza maswali kama shangazi anavyomuuliza binti aliyechelewa kurudi nyumbani: kwa upole, huku jibu analo tayari. Safari hii jibu hakuwa nalo. Alichokuwa nacho ni mtembeza wageni aliyelala mahabusu kwa tuhuma za uzembe uliosababisha kifo, mkuu aliyetaka faili lifungwe, na boti ya alasiri ambayo ingewachukua wageni wote kurudi kwao, maiti pamoja nao. Wakishavuka maji watakuwa wa nchi nyingine na sheria nyingine. Kesi ingebaki na mtu mmoja tu wa kuibeba, na huyo alikuwa ameshafungiwa.

"Tuanze na nani?" aliuliza Koplo. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, na walikuwa wamefanya kazi pamoja mpaka wakafanana kikohozi.

"Na yule asiye na haja ya kusema uongo."

Walimkuta upande wa bustani, ameketi kwenye kiti cha kamba, anafuma soksi. Alikuwa muuguzi mstaafu, mkubwa kwa umri kuliko wote katika lile kundi la wageni, na alikuwa amejichagulia kivuli kizuri chini ya mnazi. Miguu yake mitupu aliizika mchangani. Shangazi alitazama juu, akaona madafu yamening'inia juu ya mvi zile, akamshika bibi mkono na kumhamisha kiti kwa adabu.

"Mnazi hauna adabu kama yangu, mama. Ukidondosha, haupigi hodi."

"Yesu wangu! Hilo hatukuambiwa."

Shangazi na Koplo walitazamana. Kila mgeni katika kisiwa kile, kabla hajafungua begi, huambiwa habari ya mnazi.

"Kwani mliambiwa nini, mama? Na nani?"

"Na mdogo wake marehemu. Tulipofika tulikuwa tunakunywa chai pale barazani, akasimama, akasema mtembezaji wa hoteli amepata dharura, amemwachia maneno atufikishie." Bibi aliweka sindano zake mapajani. "Akasema tunywe maji ya chupa. Tuvae viatu majini kwa ajili ya miiba. Tukubaliane nauli kabla ya kupanda teksi. Tukitaka kumpiga mtu picha, tumwombe kwanza. Na anayetaka kuogelea, asiogelee penye mawimbi, aende pale maji yalipotulia."

"Alisema hivyo? Palipotulia?"

"Akanyoosha na kidole kabisa. Pale." Bibi alionyesha upande wa kulia wa ufuo, ambako kati ya mistari miwili ya povu kulikuwa na njia pana ya maji ya samawati, laini, isiyo na mkunjo. "Panapendeza, eti?"

 Watoto wa kisiwa wanalijua hili kabla ya kujua kuhesabu. Bahari hupanda juu ya mwamba kwa mawimbi, ikajaa ndani; iliyoingia lazima itoke, na hutokea pale mwamba ulipokatika, mahali wanapopaita mlango. Hapo wimbi halivunjiki, kwa hiyo maji hulala kama yamepigwa pasi. Mgeni huona bwawa, kumbe ni koo. Likishakuvuta, ukishindana nalo kurudi ufuoni unaogelea palepale mpaka mikono inakufa ganzi.

"Katika kundi lenu, mama, waogeleaji ni wangapi?"

"Mwanangu, sisi ni watu wa bara. Mimi bahari naiogopa hata kwenye kalenda. Kundi zima aliyeogelea ni marehemu peke yake. Kwao alikuwa haachi bwawa hata siku za baridi." Alimtazama Shangazi kwa macho ya mtu aliyeona maiti nyingi. "Kwani pale pana nini?"

"Mama, nikuombe kitu kimoja. Swali hilo usimuulize mtu mwingine mpaka nirudi."

Mtembeza wageni aliitwa Nasaha na kisiwa kizima, na mwenyewe alilipenda jina hilo mpaka kesi ilipomkuta. Walimkuta amejikunyata pembeni mwa chumba cha mahabusu, shati la hoteli limeshikana na jasho. Alianza kusema kabla mlango haujafunguka sawasawa.

"Afande, niliwaambia wote. Mmojammoja. Viatu, kofia, mnazi, konyeza wanaowasha majini..."

"Nimetoka kumwondoa bibi mmoja chini ya mnazi. Miguu mitupu."

Nasaha alikunja vidole alivyokuwa akihesabia.

"Nasaha, usinifanye nikuone mwongo kwa jambo dogo, nikashindwa kukuamini kwa kubwa."

 Kisha yule mtu alijipangusa uso kwa viganja.

"Mke wangu alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Walinipigia simu boti ndiyo inafunga gati. Ningeomba ruhusa kwa meneja angenifukuza, Afande, mwenzangu alifukuzwa kwa kwenda kuzika. Mgeni mmoja akaniona nimechanganyikiwa. Akaniambia, kaka, nenda kwa mkeo, mimi nitawaeleza wenzangu. Niliona kama Mungu amenitumia malaika mwenye begi la magurudumu."

"Mgeni yupi?"

"Mdogo wake marehemu. Nikampa maneno harakaharaka pale gatini."

"Kuhusu kuogelea ulimpa maneno gani?"

"Waogelee mbele ya hoteli, ndani ya maboya. Wasikaribie mlango."

"Au ulisema waende palipotulia, kwa haraka zako?"

"Afande!" Nasaha alisimama. "Mimi nimezaliwa hapa! Ndugu yangu wa tumbo moja amechukuliwa na mlango ule ule! Hata ningekuwa usingizini nisingesema hivyo."

Shangazi alimtazama kwa muda. Mtu aliyekwisha kudanganya mara moja akiapa, kiapo chake kinahitaji mdhamini. "Yeye alikujibu nini?"

"Aliitikia tu." Nasaha alikunja uso, kama anayesikiliza kitu cha mbali. "Ila kuna jambo. Ukimwambia mgeni asikaribie mlango, anakuuliza, mlango gani? Wote huuliza. Wengine hudhani ni mlango wa hoteli. Yule hakuuliza."

Koplo aliacha kuandika.

"Na mkeo?" aliuliza Shangazi.

"Walinikamata palepale hospitali, kwenye korido. Nimekaa humu sijui kama nimepata mtoto au nimepata msiba."

Shangazi alimgeukia Koplo. Koplo alikuwa ameshatoa simu. Alitoka nje, sauti yake ikasikika ikibembeleza mtu wa mapokezi, ikafoka, ikabembeleza tena. Aliporudi, alisema, "Ni msichana. Mdogo kama mkate, lakini anapumua mwenyewe. Mama mtu anaulizia uliko." Nasaha alikaa chini sakafuni, akaficha uso kwenye magoti.

Njiani kurudi hotelini, Koplo aliendesha gari kwa mkono mmoja. "Mimi namwamini."

"Mimi namhurumia. Si kitu kimoja. Yupo Nasaha, aliyekosea maneno kwa haraka na sasa anajiosha. Au yupo mgeni aliyesikia vibaya, maana mtu wa bara akisikia mawimbi anasikia hatari. Au yupo mgeni aliyesikia vizuri."

"Na huyo wa mwisho tutamjuaje?"

"Wa pili na wa mwisho watasema maneno yale yale. Hapo ndipo kazi ilipo."

Mdogo wake marehemu hakuwa chumbani. Alikuwa ufuoni mbele ya hoteli, suruali ameikunja, anatembea katika maji ya vifundoni peke yake, kichwa chini, kama afanyavyo mfiwa. Shangazi alisimama kwenye mchanga akamtazama kabla hajamwita. Yule mtu hakuwa akiinua miguu. Aliiburuza, moja baada ya nyingine, akichora mifereji mchangani.

"Pole sana na msiba."

"Asante, mama." Alikuja. Alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusimama nyuma ya kaunta ya dawa na kuwatuliza wagonjwa. Duka lilikuwa la ndugu wawili, naye ndiye aliyekuwa akiuza.

"Unatembea majini kama mtu wa huku. Unaburuza."

Alitazama miguu yake, akatabasamu kidogo. "Yule mtembezaji alinifundisha. Alisema kuna samaki taa hujifukia mchangani, ukimkanyaga anakuchoma mwiba. Ukiburuza anakusikia, anakimbia."

"Wenzako hukuwaambia."

"Nilisahau. Maneno yalikuwa mengi, na mimi si mtu wa bahari."

"Na la kuogelea?"

"Alisema waingie palipotulia."

"Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayohayo. Na nisamehe, mama, ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kaka ameuawa na maji. Yatazame." Alinyoosha mkono. "Kama maji ya beseni. Mtoto angeoga pale. Kaka yangu alishikwa na moyo, na watu wanamfunga yule maskini bure."

"Daktari anasema mapafu yalijaa maji."

"Mtu akishikwa na moyo akiwa majini, atameza nini tena?"

Jibu lilikuwa zuri. Shangazi aliligeuza akilini kama mtu anayetafuta kasoro kwenye embe sokoni, akaona kasoro yake ni hiyo tu, kwamba ni zuri. Mtu wa hasira angemlaumu Nasaha. Huyu alimtetea, na kwa utetezi huo akawa amelifuta neno "maji" kwenye kifo cha kaka yake.

"Wewe ungeingia pale?"

"Hata sasa hivi, kama ningejua kuogelea. Mimi bafuni nashika ukuta."

"Nisaidie kitu kimoja basi. Twende barazani ukaweke sahihi maelezo yako: kwamba hujui bahari, hujui kuogelea, na kwa kadiri unavyojua, palipotulia ndipo salama."

Aliweka sahihi bila kusoma. 

Simu ya mkuu wa kituo iliingia kalamu haijarudi mfukoni. Mkuu aliongea kwa sauti ya mtu ambaye mwenye hoteli amesimama karibu naye. Wageni wasicheleweshwe. Maiti iruhusiwe. Andika uzembe, Shangazi, tumalize.

"Nimebakiza mjane, mkuu."

"Mjane umuulize nini tena? Amefiwa!"

"Ndiyo nataka nimpe pole."

Alikata simu kabla ya mkuu. Kwa kweli pole haikuwa yote iliyompeleka. Asubuhi ile mhudumu wa vyumba alikuwa amemwambia kwamba mjane na shemeji yake walikaa muda mrefu kwenye ngazi wakinong'ona, na kwamba mjane hakuwa amelia hata kidogo. Mume amekufa, ndugu wa mume yupo, duka lipo. Shangazi alikuwa ameziona hesabu za namna hiyo zikijumlishwa.

Alimkuta mjane anapanga nguo za mume wake sandukuni. Alikuwa mwalimu, mwembamba, mgongo umenyooka. Alikuwa akikunja shati, akilikunjua, akilikunja tena kwa namna nyingine.

"Alikuwa na mkunjo wake," alisema bila kugeuka. "Nimeishi naye miaka yote hiyo na siujui."

Shangazi alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha pili. "Safari hii lilikuwa wazo la nani?"

"La shemeji. Alitupangia kila kitu, hoteli mpaka boti. Mimi siku ya kwanza sikuwaona hata wenzangu, boti ilinichafua tumbo, nikalala."

"Kwa hiyo maneno ya mtembezaji hukuyasikia."

"Nilisikia kwa mume wangu. Asubuhi ile aliniambia, ndugu yangu ameelekeza tuogelee palipotulia, na mimi mawimbi siyataki kwa umri huu. Akavaa viatu vyake. Akaniuliza kama nyuma ya masikio mafuta yameenea." 

"Mlikuwa mkizungumza nini na shemeji yako kwenye ngazi?"

Mgongo ulinyooka zaidi. "Anataka nikubali kwamba ni moyo. Anasema nikisema ni moyo, maiti itaondoka haraka."

"Yeye na mumeo walikuwa na ugomvi?"

"Hapana."

Mikono ilikuwa imeacha kukunja.  Shangazi alikuwa amejifunza kwamba watu wengi huwa hawaogopi swali. Kinachowatisha ni mtu aliyeuliza akabaki amekaa.

"Si ugomvi," alisema mjane hatimaye. "Mume wangu aligundua kwamba dukani kuna dawa zilizokwisha muda, tarehe zimefutwa na kupigwa mpya. Kuna mtoto wa mteja alizitumia, mpaka leo hasikii vizuri. Alimwita mdogo wake, akamwambia, nitakwenda kwenye mamlaka mwenyewe, na duka litafungwa. Shemeji alilia, akapiga magoti. Akasema, kaka, sawa, lakini tukapumzike kwanza, tukirudi tutakwenda wote." Aligeuka. "Mbona unaniuliza haya? Si mmemshika aliyekosea?"

Hapa Shangazi alisita. Kama mwanamke huyu alikuwa upande wa shemeji yake, neno lolote lingefika kwenye ngazi zile kabla ya yeye kufika kwenye gari. Lakini boti ilikuwa imeshatia nanga gatini, na asiyetupa ndoano halalamiki kukosa samaki.

"Mwalimu, hapa kwetu mtoto hufundishwa hivi. Penye wimbi, maji yanakuja ufuoni. Palipotulia, maji yanaondoka. Ukichukuliwa, usishindane, kata upande, ufuate mawimbi, yatakurudisha. Yule mtembezaji anasema alimwambia shemeji yako msikaribie pale. Shemeji yako anasema aliambiwa muingie palepale. Mmoja wao ni mwongo, na sina wa kuniambia ni yupi."

Mjane aliliweka shati kitandani. "Rudia tena," alisema.

Shangazi alirudia.

"Shemeji anasema hajui bahari?"

"Ameweka sahihi."

"Aliwahi kufanya kazi hotelini ng'ambo alipokuwa kijana. Jikoni, tulivyoambiwa." Alifunga sanduku, akabonyeza vifungo. "Mume wangu alipatikana wapi?"

"Nyuma ya ule mwamba mweusi. Ghuba ya pili."

"Nataka kupaona kabla sijaondoka. Na shemeji aje."

"Kwa nini shemeji?"

"Ni ndugu yake," alisema mjane, na uso wake haukusema chochote zaidi.

Wakishuka ngazi, Shangazi alimnong'oneza Koplo. "Vua viatu ukifika."

"Kuna nini?"

"Sijui. Yule mama ananitisha."

Ghuba ya pili haikuwa na hoteli wala maboya. Wageni hawakuwahi kufika huko. Maji yalikuwa yanatoka. Mbele yao povu lilivunjika kwa kishindo juu ya mwamba, kushoto na kulia, na katikati, kama ushoroba katika nyumba kubwa, kulikuwa na njia nyembamba ya maji laini yaliyong'aa.

Shangazi alionyesha jiwe ambalo maiti ilikutwa imelalia. Mdogo wake marehemu aliinamisha kichwa, akashika mikono mbele. Mjane alilitazama jiwe, akaitazama bahari. Kisha alivua kandambili zake, akaziweka pamoja, akaanza kutembea kuelekea majini.

"Mwalimu," aliita Shangazi.

"Nanawa uso tu."

Aliingia kwenye maji laini. Yakafika magotini. Gauni lake lilielea mbele yake, likielekea baharini kama linaloitwa, na Shangazi alipoona gauni lile linavyoelekea alianza kukimbia. Koplo alikuwa nyuma yake akihema. Maji yalimfika mjane kiunoni. Hatua nyingine, akayumba, miguu ikamwacha.

"Shemeji!" Sauti ilipasuka nyuma yao. "Si hapo! Hapo panavuta! Nenda kwenye mawimbi! Kwenye mawimbi!"

Yule mtu nadhifu aliwapita wote wawili. Hakuingia nyuma yake. Alikimbia ufuoni kwa pembeni kwanza, akachagua mahali, akarusha magoti juu ya maji, akajitupa. Mtu aliyeshika ukuta bafuni alikata maji kwa mikono mirefu, kichwa juu, macho hayambanduki aliyemfuata. Alimfikia kwa nyuma, akampitisha mkono chini ya kwapa, akamgeuza uso juu. Hakujaribu kumrudisha walikotoka. Aliogelea naye kwa upande, sambamba na ufuo, mpaka wakaingia kwenye povu, na povu likawabeba, likawapiga, likawatupa miguuni pa Koplo.

Shangazi alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka mapajani. Hakuna ushahidi aliowahi kuutafuta maishani uliomjia mwenyewe namna ile, ukiwa hai.

Mjane alitapika maji. Alipopata pumzi, hakumshukuru aliyemwokoa. Alimshika kola ya shati lililolowa.

"Nani alikufundisha?"

"Shemeji, ungekufa! Umeingia..."

"Nimeingia palipotulia. Wewe si ndiye uliyesema? Nani alikufundisha kwamba panavuta?"

Yule mtu alimtazama Shangazi, akamtazama Koplo, akayatazama maji. Midomo ilitafuta jibu zuri, kama lile la mbele ya hoteli, na safari hii halikuja.

"Ulikuwa jikoni," alisema mjane. "Ulituambia ulikuwa jikoni."

"Jikoni nilianzia tu." Aliongea chini sana. "Baadaye waliniweka ufuoni. Nilikuwa mwokoaji. Nimetoa watu wengi majini, shemeji. Wengi. Hata watoto."

"Na kaka yako?"

"Mimi nilikuwa kitandani! Ulizeni hoteli nzima!" Alimgeukia Shangazi, viganja wazi. "Sikumgusa. Sikumsukuma. Yalikuwa maneno tu, mama. Angeweza kukataa. Angeweza kuuliza mtu mwingine."

"Hakuna aliyemsukuma mume wangu maishani mwake," alisema mjane. "Alikuwa ni wa kuambiwa tu. Akimwamini mtu, aliambiwa akafuata. Wewe ulilijua hilo kabla yangu."

Yule mtu alikaa chini mchangani. Shangazi alimfunga pingu mbele, si nyuma, kwa sababu mikono ile ilikuwa imetoka kuokoa mtu, na hakujua afanye nini na jambo hilo. Alimsomea haki zake. Kisha alimwambia Koplo apige simu kituoni, mlango wa mahabusu ufunguliwe, mwenye mtoto aende kwa mtoto wake. Na mkuu akiuliza faili limefungwaje, amwambie halijafungwa, limefunguliwa. Boti ingeondoka abiria wamepungua.

"Ulijua hujui kuogelea," Shangazi alimwambia mjane, akimvika koti lake. "Kama asingekuja?"

"Ningejua ni mtu wa namna gani."

"Ungejua ukiwa umekufa, mwalimu."

 Mjane aliketi pale pale wimbi lilipoishia, gauni limemganda mwilini, akamtazama Koplo akimpandisha shemeji yake kwenye kilima cha mchanga kuelekea kwenye gari. Walipopotea nyuma ya mwamba ndipo alipolia, kwa sauti, bila kujificha, kilio kilichokuwa kimesubiri tangu lile taulo lilipokutwa limekunjwa. Shangazi alikaa karibu naye katika maji, akamwacha alie, wala hakumwambia anyamaze.